Kubadilisha stendi kubwa ya Honda C90 ya zamani: mwongozo kamili

Honda C90 ninayoendesha aliniachia baba mkwe. Ilikaa miaka mingi nyuma ya jiko kule Tukuyu, imefunikwa turubai, kuku wakilala juu ya siti. Injini niliiamsha siku ya pili baada ya kusafisha kabureta na kubadili plagi. Kilichonisumbua kwa muda mrefu ni stendi kubwa, ile ya katikati ambayo wengine wanaiita dabo stendi. Ukiisimamisha pikipiki inaegama kushoto, na barabarani mguu wake unagonga kila tuta. Siku moja, nikikaribia Uyole kutoka Igawilo, springi ikakatika na stendi ikadondoka yote. Nilisikia chuma kikikwaruza lami chini ya miguu yangu. Kona nilikuwa nimeshaimaliza, pikipiki imenyooka. Ingekuwa bado imelala, mguu ule ungechimba lami, ungeinua tairi la nyuma na kunitupa.

Kwa hiyo nisome ukijua kwamba kazi hii naiona ni ya usalama, si ya urembo.

Jambo kubwa ninalotaka ulishike kabla hujagusa spana ni hili: stendi haichakai peke yake. Inachakaa pamoja na pini inayoibeba, matundu ambamo pini inapita, na springi inayoivuta. Mtu ananunua stendi mpya, anaipachika kwenye pini iliyolika, na baada ya miezi miwili inacheza kama ya zamani. Kisha anailaumu stendi kuwa ni feki. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo mara ya kwanza, na fundi mmoja wa kuchomelea akanimalizia kazi kwa kubandika vipande vya nondo kwenye nyayo za stendi ili iwe ndefu. Haikusaidia kitu, kwa sababu ugonjwa ulikuwa juu, kwenye pini.

Kwanza jua nini kimechakaa

Egemeza pikipiki ukutani, uchuchumae, ushike mguu mmoja wa stendi uutikise kulia na kushoto, kisha mbele na nyuma. Mchezo mdogo ni kawaida. Kama mguu unatembea huku na huku na unasikia chuma kikigonga chuma pale juu, basi ni pini au matundu. Kama juu kumekaza lakini pikipiki inaegama, angalia nyayo: mara nyingi mmoja umelika kuliko mwingine kwa sababu ya kuburuzwa sakafuni. Kama miguu imetanuka au bomba limejikunja, hiyo stendi imebebeshwa mzigo.

Na kwetu huku mzigo ndio unaoua stendi. Watu wanasimamisha pikipiki kwenye stendi kubwa, wanapakia viazi gunia zima juu ya keria, kisha dereva anaisukuma mbele ishuke na mzigo wake wote. Bomba la stendi halikutengenezwa kwa ajili hiyo. Pakia ukiwa umeegemeza pikipiki kwenye kisiki au ukuta, mwenzako akiwa ameshika usukani.

Kuna kitu kingine ambacho wengi hawakiangalii. Ukisimamisha pikipiki na tairi la nyuma bado linagusa chini, usikimbilie kusema stendi ni fupi. C90 hutembelea tairi za inchi 17, na saizi yake ya kawaida ni 2.50-17, yaani upana wa inchi 2.50. Mtu akishafunga 2.75 nyuma, tairi linaongezeka kimo kwa karibu milimita 6. Akifunga na shokapu ndefu za pikipiki nyingine ili ibebe vizuri, gurudumu linaning'inia chini zaidi. Ukijumlisha hayo mawili, stendi nzima kabisa itaonekana fupi. Pima shokapu zako kabla hujatoa hela.

Kununua stendi

Mbeya mjini utaanzia Mwanjelwa na maduka ya spea ya pale Sido. Iringa, zunguka Mlandege. Popote uendapo, beba stendi yako ya zamani na pini yake kwenye kiroba. Najua maana yake ni kwamba pikipiki italala imefunguliwa nyumbani, lakini hilo ni afadhali kuliko kurudi dukani mara tatu. Muuzaji atakwambia, "Inaingia hiyo, kaka, hata usihofu." Mjibu kwa heshima kwamba unaomba kuijaribu.

Laza stendi mpya sakafuni, weka ya zamani juu yake. Tazama urefu kutoka katikati ya tundu la pini hadi chini ya unyayo. Ya zamani imelika, kwa hiyo mpya ikizidi kwa milimita chache ni sawa. Ikizidi kwa upana wa kidole, iache. Tazama upana wa bomba la juu linalokaa kati ya masikio ya fremu, yale mabati mawili yenye matundu ya pini. Likizidi halitaingia, likipungua stendi itateleza pembeni. Tazama kilipo kindoano cha springi, maana kikihama hata kidogo springi itavuta vibaya. Kisha tazama pembe ya kile kikanyagio cha mguu. Kwenye stendi nyingine kimeinuka mno.

Halafu ingiza pini yako ndani ya bomba la stendi mpya, pale pale dukani. Iingie kwa kusukumwa na dole gumba, izunguke, isicheze. Mwisho, kwangua rangi kidogo kwa ukucha pale miguu ilipochomelewa. Rangi nene hufunika mchomelewo mbaya. Unataka kuona mshono uliozunguka bomba lote, si matone matatu yaliyoruka ruka.

Nunua na springi mpya, pini mpya ikipatikana, washa, na kotapini mbili za kipimo chake, zile pini nyembamba za kukunjwa zinazozuia pini kubwa isichomoke. Moja ya kufunga, moja ya akiba. Kotapini iliyokwisha kunyooshwa hairudishwi.

Vifaa vya kuwa navyo

Spana namba 8 hadi 17, soketi, plaizi ya kawaida na plaizi ya kubana, bisibisi bapa refu, nyundo, brashi ya waya, msasa, grisi, dizeli ya kulowekea, kipande cha kamba ya manila yenye nguvu, na sarafu kumi na tano hivi za shilingi 100. Sarafu nitaeleza kazi yake. Kama unaweza kuazima venia (kipimio cha unene wa vyuma) kwa fundi wa leisi (mashine ya kuchonga vyuma), azima.

Kuinua pikipiki

Hapa ndipo watu wanapoumia. Unatoa stendi ya pikipiki, maana yake unatoa kile ambacho kwa kawaida kingeishikilia wakati unaitengeneza. Stendi ndogo ya pembeni haikusaidii, kwa sababu inaiacha imelala na huwezi kufika chini.

Njia ninayoipenda ni ya kuning'iniza. Kwenye banda langu kuna boriti ya mlingoti iliyolala juu ya nguzo mbili. Napitisha kamba chini ya fremu pale nyuma ya siti, si kwenye keria, kwa sababu keria za pikipiki kuukuu zimeliwa na kutu kwenye bolti zake. Navuta hadi tairi la nyuma linaachana na ardhi, nafunga, kisha tairi la mbele nalibana kwa matofali mawili, moja mbele moja nyuma. C90 ni nyepesi, haifiki kilo 100, hivyo watu wawili wanaiinua bila jasho. Usitumie tawi la mparachichi hata kama ndilo lililo karibu. Mti ule hukatika ghafla, bila kutoa mlio wa kukuonya.

Kama huna boriti, tumia kreti la soda lililogeuzwa, juu yake ubao mnene, chini ya injini. Ubao ukae pale kwenye tumbo la injini lakini usikalie nati ya kumwagia oili. Kreti lisogezwe mbele ya kutosha ili stendi iweze kuzunguka nyuma yake bila kuligonga. Mwenzako aendelee kushika usukani hadi umehakikisha haiyumbi. Itikise kidogo kwa makusudi. Kama itaanguka, bora ianguke sasa kuliko ukiwa umelala chini yake.

Funga koki ya mafuta. Toa waya za batri ukianza na hasi.

Kufungua

Ekzosi itoke kwanza. Kwenye C90 unaweza kuhangaika nayo ikiwa mahali pake, ila utakwangua vidole na kupoteza muda. Nati mbili zilizoko kwenye kichwa cha silinda ni ndogo na kwenye pikipiki ya umri huu zimeganda. Zipake dizeli usiku wa kuamkia kazi, zifungue taratibu, nusu mzunguko mbele, robo mzunguko nyuma. Stadi (bolti isiyo na kichwa inayoshika nati) ikikatikia ndani ya kichwa cha silinda, umejitafutia kazi kubwa kuliko ile ya stendi. Ile ringi ya kuzibia moshi weka mpya wakati wa kurudisha.

Sasa springi. Stendi inapozunguka kutoka juu kwenda chini, springi inarefuka hadi katikati ya safari, kisha inafupika tena. Ndiyo maana stendi hujivuta yenyewe juu ikishapita katikati, na hubaki chini ukishaikanyaga yote. Kwa hiyo usiitoe ikiwa katikati. Peleka stendi juu kabisa, jaribu; ishushe chini kabisa, jaribu; itoe mahali inapolegea zaidi. Pitisha kitanzi cha kamba kwenye ndoano ya springi, pitisha bisibisi kwenye kitanzi, vuta kwa mikono miwili ukiwa umekaa pembeni. Usikae mbele ya springi, na uso wako usiwe usawa wake. Ikichomoka inaruka kwa nguvu ya kutoa jicho. Vaa miwani, hata ile ya jua.

Kwenye Honda ndogo hizi pini ya stendi ndiyo hiyo hiyo inayobeba pedeli ya breki ya nyuma. Kabla hujaichomoa, fungua springi ya pedeli, ile kamba ndogo ya swichi ya taa ya breki, na kile chuma kirefu kinachokwenda kwenye habu (kitovu cha gurudumu) ya nyuma. Piga picha kwa simu. Nasema kwa kumaanisha: piga picha, kila pembe. Washa mbili zinazofanana machoni huwa na unene tofauti, na mpangilio wake ndio unaoamua kama pedeli itarudi vizuri.

Nyoosha kotapini, ichomoe, toa washa, kisha sukuma pini.

Ikitoka kwa kusukuma, mshukuru Mungu. Yangu haikutoka. Tukuyu mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka, na pini ile ilikuwa imekunywa mvua hiyo bila kupata grisi. Nilichojifunza ni kwamba kosa la kwanza ni kuigonga kwa nyundo moja kwa moja. Kichwa cha pini kinatanuka kama uyoga na baada ya hapo haipiti kabisa kwenye tundu. Ilowekwe dizeli kutoka pande zote mbili, jioni na asubuhi, siku mbili. Kisha ishike kwa spana ya bomba na uizungushe kwanza. Kuzungusha huvunja kutu, kugonga huikandamiza. Ikianza kuzunguka hata kidogo, ongeza dizeli, zungusha kwenda na kurudi, ndipo uisukume kwa kipande cha shaba au mti mgumu ukigonga polepole.

Moto ni hatua ya mwisho, na kwenye C90 tangi la mafuta liko chini ya siti, juu kidogo tu ya mahali unapofanyia kazi. Kama itabidi kuchemsha au kuchomelea, tangi litoke lote, lipelekwe mbali na banda, na mpira wa mafuta ukaushwe. Usikubali fundi akwambie "nafanya haraka tu."

Kupima pini na matundu

Sugua pini kwa msasa hadi ing'ae, kisha ipitishe ukucha. Utasikia ngazi pale palipolika. Kwa venia pima sehemu ambayo haikuwahi kuguswa na kitu, halafu pima sehemu iliyolika. Mimi tofauti ikifika nusu milimita naitupa. Pini ikikosekana madukani, fundi wa leisi atakuchongea. Mwombe atumie chuma kigumu kama cha ekseli kuukuu, si nondo.

Matundu ya masikio ya fremu yana tabia ya kulika upande mmoja, yakawa kama yai. Ingiza pini mpya ndani yake bila stendi na uitikise. Ikicheza, una njia mbili. Ya kwanza ni kupanua tundu liwe duara na kuingiza bushi ya chuma (kipande kifupi cha bomba) ambayo leisi imechonga kwa kipimo. Ya pili ni kujaza kwa kuchomelea kisha kutoboa upya, na hiyo siipendi, kwa sababu fremu ya C90 ni bati lililokunjwa na joto jingi hulipinda. Wakichomelea, klipu ya arthi ikae karibu kabisa na mahali pa kazi ili umeme usipite kwenye bearingi za magurudumu.

Kwenye hatua hii usiwe na haraka. Gharama ya bushi mbili ni ndogo, na ndizo zinazoamua kama stendi mpya itakaa mwaka mmoja au kumi.

Kufunga

Safisha ndani ya bomba la stendi mpya. Mara nyingi kuna rangi na chembe za kuchomelea ndani. Pitisha kitambaa chenye mchanga laini au msasa uliozungushwa kwenye kijiti. Jaza grisi, si kupaka, jaza. Paka pini yote. Kisha weka stendi kati ya masikio, ingiza pini kutoka upande ule ule ilikotokea, ukipachika pedeli na washa kama picha inavyoonyesha. Kabla ya kotapini, zungusha stendi kwa mkono: inapaswa kudondoka kwa uzito wake yenyewe bila kukwama. Ikikwama, bomba ni pana mno au masikio yamepinda kwa ndani. Usiikaze kwa nguvu ukitumaini itajizoesha.

Kotapini iingie, miguu yake ikunjwe pande mbili ikumbatie pini, isiachwe inachomoza ikakamata suruali.

Sasa sarafu. Springi mpya ni ngumu na mikono haitoshi. Bana ndoano moja ya springi kwenye jiliwa (kibano cha mezani), ikunje upande mmoja, nafasi kati ya mizunguko zitafunguka. Chomeka sarafu ya shilingi 100 kwenye kila nafasi. Ikunje upande wa pili, chomeka nyingine. Ukimaliza springi itakuwa imerefuka yenyewe, imekaa imenyooka, na utaipachika kwenye ndoano zake kwa vidole. Kisha kanyaga stendi ishuke: inapopita katikati springi inanyooka zaidi na sarafu zinadondoka sakafuni moja moja. Zihesabu zote. Moja ikibaki ndani, springi haitajifunga sawasawa na stendi itaning'inia.

Rudisha ekzosi na ringi mpya, ukianza nati zote kwa vidole kabla ya kukaza yoyote. Rudisha chuma cha breki, springi ya pedeli, kamba ya swichi. Pedeli iwe na mchezo wa milimita 20 hadi 30 kabla breki haijashika. Kaza au legeza nati iliyoko nyuma kwenye habu hadi upate hapo, zungusha gurudumu kuhakikisha halikwaruzi, kisha washa swichi uone taa ya breki ikiwaka. Usitoke nyumbani hadi hayo matatu yamekubali.

Kuijaribu

Shusha pikipiki chini. Kuisimamisha hakuhitaji misuli. Mkono wa kushoto kwenye usukani, wa kulia kwenye keria au chini ya siti. Kanyaga stendi hadi usikie nyayo zote mbili zimegusa ardhi, kisha hamishia uzito wako wote kwenye ule mguu unaokanyaga. Mkono wa kulia unaongoza tu. Pikipiki inapanda yenyewe. Tairi la nyuma liachane na ardhi kiasi cha vidole viwili hivi. Likiinuka sana utapata shida kila siku kuipandisha. Likigusa, rudi kwenye habari ya tairi na shokapu.

Ipandishe na kuishusha mara ishirini. Kisha ikiwa juu imekunjwa, ivute chini kwa kidole kimoja uiachie: irudi kwa kishindo na kutulia kwenye raba yake. Raba hiyo ikikosekana, stendi itagonga ekzosi na kuitoboa baada ya muda, kwa hiyo kata kipande cha tairi kuukuu ukifunge.

Mwenzako apande, wewe ulale pembeni na kuchungulia pikipiki ikilazwa kulia, kisha kushoto, na siti ikibonyezwa. Stendi isikaribie ardhi wala kugusa cheni. Ndipo uende barabarani, mwendo mdogo, juu ya matuta. Ukisikia mlio wowote wa chuma, simama uangalie.

Baada ya wiki ya kwanza nililala tena chini yake. Kotapini ilikuwa imekaa, grisi imejitokeza kidogo pembeni mwa washa na kukusanya vumbi jekundu. Niliifuta kwa kitambaa, nikakaza nati ya ekzosi iliyokuwa imelegea robo mzunguko. Sasa naongeza grisi mwanzoni na mwishoni mwa masika, na nikiegesha kwenye matope naweka kipande cha ubao chini ya nyayo.